Theluji imeanguka, mbwa wetu kasahau choo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu hakukaliki, na chanzo ni mbwa wa kilo mbili na nusu.

Anaitwa Njugu. Ni jike, ana miezi mitano, manyoya mafupi, miguu myembamba kama vijiti. Tulimchukua akiwa na wiki kumi, majira ya joto yakielekea ukingoni, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kila akiamka, kila akila, kila akimaliza kucheza, nilimbeba hadi kwenye majani ya ua mdogo ulio nyuma ya nyumba, namwambia "kojoa", na akimaliza nampa kipande kidogo cha nyama. Kufika wiki ya sita alikuwa akikosea ndani mara moja tu kwa wiki. Nikajua kazi imekwisha.

Kisha theluji ikaanguka. Hii ni wiki ya tatu sasa, uani imefika sentimita 25, na asubuhi kipimajoto kinasoma nyuzijoto 8 hadi 10 chini ya sifuri. Nikimtoa Njugu anasimama palepale nilipomweka, anainua mguu mmoja, anabadilisha, anatetemeka na kuutazama mlango. Nimewahi kusubiri naye dakika kumi nzima bila hata tone. Nikimhurumia na kumrudisha ndani, hazipiti dakika tano ameshakojoa kwenye mkeka wa bafuni au nyuma ya kochi. Haja kubwa nayo anaipeleka hukohuko nyuma ya kochi. Siku mbili hizi amezidisha: anakojoa kidogokidogo, jana mara tatu ndani ya saa moja. Nimejaribu kumnyima maji kuanzia saa 10 jioni, sijaona tofauti. Napiga deki kwa sabuni kali yenye amonia mpaka macho yananiuma, na kesho yake anarudi palepale.

Asubuhi natoka saa 2, mume wangu anarudi saa 6 na nusu mchana. Muda wote huo Njugu yuko peke yake jikoni.

Sasa mume wangu anasema tutandike pedi za kukojolea, tungoje theluji iyeyuke. Mimi naona pedi zitafuta kila nilichomfundisha, atajua kwamba nyumba nzima ni choo. Wiki iliyopita mume wangu alimkuta kwenye mkeka wa bafuni, akamshika shingo na kumsugua pua kwenye mkojo. Binti yetu wa miaka tisa alilia, nasi wawili hatukusemezana siku mbili. Lakini hata mimi sijatulia, nimeshampigia kelele mara nyingi. Maana anajua kosa lake, Shangazi! Nikiingia tu, masikio kalaza, mkia kauficha, ananitazama kwa pembe ya jicho. Naona kama anatukomoa kwa kumtoa kwenye baridi.

Yupo rafiki yetu aliye tayari kumchukua. Nimpe? Nikubali pedi? Au nishikilie msimamo wangu wa nje hadi aelewe?

Mimi niliyechoka kupiga deki

*

Marahaba mwanangu.

Kuna jambo umelitaja kwa haraka katikati ya barua, nami naomba tulishike kabla ya mengine: kukojoa kidogokidogo, mara tatu ndani ya saa moja. Mbwa aliyekuwa anajizuia vizuri, kisha ghafla akaanza kutoa matone mara kwa mara, anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na majike hupatwa zaidi kuliko madume. Angalia kama anajilamba sana nyuma, kama anachuchumaa bila kutoa kitu, kama mkojo una harufu kali au rangi ya pinki. Theluji itakusaidia kuiona hiyo rangi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama, na ukiweza peleka na mkojo wenyewe. Chukua kisahani bapa kilichooshwa na kukauka, umtelezeshee chini ya makalio akishaanza kukojoa. Kijiko kimoja au viwili vya chai vinatosha. Mimina kwenye kichupa kisafi chenye kifuniko, kiweke kwenye friji, na kifike kwa daktari siku hiyohiyo. Endapo ni ugonjwa, hakuna mafunzo yatakayoutibu, na kila adhabu aliyopewa itakuwa imemwangukia mgonjwa.

Hapohapo mrudishie maji yake. Naelewa ulikofikiria, lakini mbwa mdogo kiasi hicho, ndani ya nyumba yenye hewa iliyokaushwa na joto la kupashia vyumba, akinyimwa maji tangu jioni atakuwa na mkojo mzito unaowasha kibofu, naye atataka kukojoa mara nyingi zaidi. Bakuli liwepo mchana kutwa, ukiliondoa iwe saa moja hivi kabla ya kulala.

Sasa nieleze ninavyokusoma. Mna mbwa aliyejifunza vizuri katika hali moja, hali ikabadilika, na nyinyi wawili mmegawanyika juu ya tafsiri. Mume anaona haiwezekani hadi masika. Wewe unaona mbwa anajua ila hataki. Naomba nikuulize kwa upole: je, kweli alikuwa anajua kile unachodhani anakijua?

Mbwa huchagua choo kwa nyayo na kwa pua. Njugu hakujifunza kwamba "choo ni nje". Alijifunza kwamba choo ni pale penye majani laini chini ya miguu na harufu yake ya jana. Theluji imefunika vyote viwili. Tena mbwa wa kilo mbili na nusu, tumbo lake liko sentimita kumi au kumi na tano tu kutoka chini. Kwenye theluji ya sentimita 25 hawezi kuchuchumaa bila kuzama, na jike lazima achuchumae. Kisha tazama anakokwenda akiwa ndani: mkeka wa bafuni. Ni laini, unanyonya, na katika nyumba nzima hakuna kitu kinachofanana na majani kuliko huo. Anatafuta choo ulichomfundisha, anapata kilicho karibu nacho.

Kuhusu ile sura ya hatia, mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio ambamo mbwa walikatazwa kitafunio, wenye mbwa wakatoka chumbani, na waliporudi wengine waliambiwa mbwa amekula hata kama hakula. Mbwa waliokaripiwa ndio waliotoa sura hiyo zaidi, wawe wamekula au la. Masikio yaliyolala na mkia uliofichwa ni jibu kwa uso na sauti ya mtu aliyesimama mbele yake. Njugu anakuogopa wewe kwa wakati ule, haukumbuki mkojo wa nusu saa iliyopita. Na kusuguliwa pua kumemfundisha jambo moja tu, kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Ndiyo maana sasa anakwenda nyuma ya kochi. Mbaya zaidi, mbwa anayeogopa kukojoa mbele yenu ndani, na nje pia atajizuia mkiwa mmemshikia kamba. Simwandikii mumeo hukumu, nawe umekiri kelele zako. Hilo linarekebishika kwa kuacha tu.

Kuna somo jingine ambalo baridi imempa bila nyinyi kujua. Anasimama dakika kumi, anatetemeka, hakojoi, mlango unafunguka. Kwa mbwa, joto la nyumba ni zawadi kubwa kuliko nyama. Kwa hiyo kila safari ya namna hiyo imemlipa kwa kujizuia. Lakini huwezi pia kumwacha nje hadi akubali, maana mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, joto linatoka haraka, na kwa manyoya mafupi kwenye nyuzijoto 10 chini ya sifuri dakika tatu hadi tano ndizo za kutegemea. Akiinua miguu kwa zamu, akijikunja mgongo au akikataa kutembea, muda wake umekwisha hata kama saa inasema dakika mbili.

Njia ya kutoka hapo ni kumrudisha ndani bila kumwachia uhuru. Mtoe dakika tatu. Asipokojoa, usiseme neno, mbebe, ingia naye, na akae mapajani mwako, au kwenye kamba fupi iliyofungwa kiunoni mwako, au kwenye kizimba chake cha kulalia chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala tu. Dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha nje tena. Rudia mpaka atoe. Mara ya kwanza inaweza kuchukua safari nne au tano, na utatamani kumwachia baada ya ile ya tatu. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu safari ya tatu ndiyo iliyomjaza kibofu. Akikojoa nje, sifa na kipande cha nyama vije palepale kwenye theluji, kabla hajapiga hatua ya kurudi. Ukimpa ukishafika jikoni, umemlipa kwa kuingia jikoni. Baada ya hapo ingieni upesi na umwachie nyumba acheze nusu saa. Ile joto aliyokuwa akiilipwa kwa kujizuia, sasa anaipata kwa kukojoa.

Ila mtengenezee choo kwanza. Chukua beleshi, ondoa theluji mpaka majani yaonekane, eneo la mita moja na nusu kwa mbili, karibu na mlango kadiri inavyowezekana, na njia ya upana wa beleshi kutoka kizingitini. Theluji unayoitoa irundike upande unaotoka upepo, iwe ukuta. Utabiri ukisema itaanguka tena usiku, funika eneo hilo kwa turubai au ubao wa plaiwudi, asubuhi unavuta kifuniko na majani yako chini yake. Kama ardhi imeganda kuwa barafu, tandaza nyasi kavu au maranda ya mbao ambayo hayajapakwa dawa. Halafu ile karatasi unayofutia mkojo ndani usiitupe, ikandamize pale chini dakika chache ili harufu ibaki. Usimwage chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye njia yake. Inachoma nyayo na akiilamba inamdhuru. Akipita kwenye chumvi ya barabarani, mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe katikati ya vidole. La hatari kuliko yote ni kipozeo cha injini ya gari chenye ethilini glaikoli: kina utamu unaovutia, na kiasi kidogo tu humuua mbwa wa saizi hiyo. Ukikiona kimedondoka, usimpitishe hapo, na akikilamba kimbia kwa daktari bila kungoja dalili.

Koti ni la lazima kwake. Lifunike kifua na tumbo, lakini lisifike nyuma pale mkojo unapotokea, la sivyo litalowa na kumzidishia baridi. Mvalishe kwanza ndani siku mbili tatu akiwa anakula, alizoee, kwa sababu mbwa wengi wakivishwa kitu kipya husimama kama wamepigwa msumari. Viatu ndivyo hasa huwafanya hivyo, kwa hiyo sikusukumi huko.

Muda wa kutoka unaujua tayari: akiamka, robo hadi nusu saa baada ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala. Ongeza mmoja wa usiku kwa sasa. Mpe chakula mara tatu kwa siku, saa zilezile, na bakuli liondoke baada ya dakika ishirini. Tumbo linalojazwa kwa saa huachia kwa saa. Asiruke mlo siku za baridi, maana mbwa wadogo namna hii sukari yao ya damu hushuka haraka. Ukimwona amelegea na kuyumba, mpake asali kidogo kwenye fizi na umwahishe kwa daktari.

Nije kwenye pedi, ambazo ndizo zilizowagombanisha. Nadhani kila mmoja wenu ameshika nusu ya jambo. Hofu yako ina msingi. Pedi ni kitambaa laini sakafuni, na mbwa aliyezoea kukojolea kitambaa laini sakafuni hatofautishi pedi na zulia. Ukizitandika sehemu tatu za nyumba hadi masika, utakuwa na kazi ya miezi mingine kuzifuta kichwani mwake. Isitoshe, wengine huzitafuna, na vilivyomo ndani vinaweza kuziba utumbo. Lakini naye mumeo ana hoja ambayo barua yako haikuipa nafasi: kuanzia saa 2 hadi saa 6 na nusu Njugu yuko peke yake. Watu hukadiria uwezo wa mtoto wa mbwa kujizuia kwa kuchukua miezi yake na kuongeza moja, ndiyo saa sita, na hicho ni kilele. Mbwa mwenye kibofu kidogo kama chake mara nyingi hafiki huko, saa tatu au nne ni nyingi. Kwa hiyo hata theluji isingekuwepo, asubuhi hiyo inamzidi. Akikojoa jikoni saa 5, hakuna somo la nje linaloweza kumfikia hapo.

Liko la katikati, kama mtapenda kulijaribu. Tengeni kona ya jikoni kwa uzio wa kukunjwa. Kitanda na maji upande mmoja, na upande wa mbali trei ya sentimita 50 kwa 60 yenye majani: ya kweli mkiyapata, au ya bandia yanayooshwa kila siku. Nyayo zake zitaendelea kukumbuka majani, na theluji ikiyeyuka mnaihamishia trei uani. Itumike saa zile tu ambazo hakuna mtu. Mkiwa nyumbani uzio unafungwa na Njugu anakwenda nje kwa ule mzunguko wa dakika tatu. Hatari yake ni kwamba siku ya uvivu mtu ataona trei ipo, kwa nini avae buti? Ikianza hivyo, trei itageuka kuwa choo chake cha kudumu. Si msiba, kuna familia zinaishi hivyo na mbwa wadogo miaka yote na hawana tatizo, ila iwe ni jambo mlilolichagua nyote.

Njia ya kushikilia nje peke yake nayo ipo, mradi apatikane mtu wa kumtoa katikati ya asubuhi kila siku ya kazi. Bila mtu huyo, msimamo wako unamdai mbwa kitu ambacho mwili wake hauna. Kungoja masika bila kufanya lolote ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa kuwa kila siku anayotumia mkeka inaukaza mkeka kuwa choo.

Huo mkeka uondoe leo, na mazulia madogo yote, kwa wiki nne hivi. Mlango wa bafuni ufungwe, kochi lisukumwe hadi ukutani. Na sabuni ya amonia iache kabisa: mkojo ukioza hutoa amonia, kwa hiyo unapoipaka sakafuni pua ya Njugu inasoma "choo ni hapa". Nyonya mkojo kwa karatasi, suuza kwa maji, kisha loweka kwa kisafishio chenye vimeng'enya kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na pakauke penyewe. Alama za zamani zitafute gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, zitang'aa. Utashangaa zilivyo nyingi nyuma ya kochi.

Rafiki anayemtaka Njugu sikukatazi. Kumpa mtu mwenye mchana huru si kumtupa. Ila jiulize kama unampa kwa sababu ya mkojo au kwa sababu ya zile siku mbili za kutosemezana, maana mbwa akiondoka, za pili zinaweza kubaki. Na binti yako aliona pua ikisuguliwa. Mpe nafasi katika kurekebisha: daftari jikoni, aandike saa Njugu alipokula, alipotoka, alipokojoa na wapi. Baada ya siku saba mtaona kwa macho ni saa ngapi makosa yanatokea, na mara nyingi huwa ni saa ileile.

Ukizungumza na mumeo, usianze na pedi. Anza na daftari, na swali la nani atavaa buti saa 4 usiku na nani saa 12 asubuhi. Naye akikubali trei ya asubuhi iwepo bila wewe kununa, huenda akakubali neno moja la amri, lilelile lako la "kojoa", na mikono kutogusa shingo ya mbwa.

Majibu ya mkojo yakitoka niandikie. Kama daktari atampa dawa, makosa ya siku hizo za dawa msiyaandike kwenye daftari.